Mawe Sita Niliyoyatupa Mama Ngina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kinywa hiki pia, ambacho mwaka mzima kilikuwa kikifunguka wakati wa nyimbo bila kutoa sauti. Walioketi karibu nami wanajua. Mimi ni Mama Mghoi, karani wa mizani kule bandarini Kilindini. Lori linapanda, naandika uzito, linashuka. Kazi hiyo sikuiacha hata siku moja. Kuomba ndiko nilikoacha.

Wengi mnamkumbuka binti yangu Mghoi. Tangu utotoni mifuko yake ilikuwa ikitoboka kwa mawe. Nikimfulia sketi nasikia kokoto zinagonga beseni. Nikimgombeza ananiambia, "Mama, kila jiwe lina kwao." Alipopata nafasi chuoni kusomea uchimbaji na uyeyushaji wa madini, nilisimama papa hapa nikamshukuru Mungu, nanyi mkapiga vigelegele. Mwaka wake wa mwisho akaenda mgodini kujifunza kazi. Ukuta wa shimo ukashuka. Wakamtoa siku ya tatu. Siku ya tatu, ndugu zangu! Nilikuwa nikingoja ufufuo, nikaletewa jeneza.

Nitasema ukweli hata mchungaji akinikunjia uso. Mlikuja nyumbani mkaniambia Mungu amempenda zaidi. Maneno hayo yalinichoma. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Nilikuwa nikimuuliza Mungu: siku ile nilipokushukuru mbele za watu, ulikuwa unanisikiliza au unanicheka? Hakunijibu. Nikaacha kuuliza, nikaacha na kutumaini.

Wenzake wanne wa darasani, wasichana wote, wakaanzisha ufadhili wa masomo kwa kumbukumbu yake, ili kila mwaka msichana mmoja asomee kazi hiyo hiyo. Wakaweka sharti moja: kila mwombaji atume barua pamoja na jiwe la kwao, aeleze analolijua juu yake. Vifurushi vije kwangu, niviombee, kisha niwapelekee wao wachague. Walidhani wananifariji. Mimi niliona wananitafutia mtoto wa mwanamke mwingine wa kuzikwa.

Vilikuja sita. Nilivitoa posta nikavisukuma chini ya kitanda cha Mghoi. Sikuvifungua. Jumamosi moja alasiri nikavitia kikapuni, nikaenda navyo Mama Ngina, kule pwani watu wanakopunga upepo. Watu wanakula mihogo na pilipili, watoto wanacheka, nami nimesimama ukingoni natupa baharini kimoja kimoja, barua zikiwa mumo humo. Muuza mihogo mmoja akanitazama.

"Mama, watupa nini?"

"Mawe."

"Yarabi! Watoka na mawe kwako kuja kuyatupa kwenye mawe?"

Akacheka. Nami nikacheka, ndugu zangu, nikatupa la sita.

Wale wenzake wanne walipopiga simu nikawaambia hakuna kilichofika.  Mmoja akasema taratibu, "Basi mama, labda wasichana hawaitaki kazi hii. Tufunge tu." Nikamjibu, "Fungeni." Ndivyo nilivyomzika mwanangu mara ya pili, na mara hii hakuna ukuta wa kusingizia. Nilikata simu nikaenda kupika.

Jumapili mbili baadaye, ibada ilipokwisha, mlinzi akaniita langoni. Nina mgeni. Nikamkuta msichana wa buibui, vumbi mpaka vifundoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mimi ni Mwanamisi, natoka Kwale, huko ndani. Nimevuka Feri asubuhi nikawa naulizia kanisa lenu, lililo kwenye anwani. Nilikuletea jiwe kwa posta."

 Nikajua amekuja kunidai majibu. Kumbe!

"Naja kukutaka radhi, mama. Nilikosea. Niliandika kuwa lile ni jiwe la chuma, la kuchimbwa. Juzi nimeokota mengine pale pale shambani kwa nyanya yangu, yana vitundu kama mkate, na vigae vya tanuri vimo kando yake. Kumbe si jiwe. Ni mavi ya chuma, masalio ya wahunzi wa kale. Chuma chenyewe kilishatoka zamani. Naomba barua yangu niisahihishe. Mkinipa, alhamdulillahi. Mkininyima, basi. Lakini kuingia kwa uongo sitaki."

Ndugu zangu! Mtoto wa watu amevuka maji ili asahihishe neno moja alilokosea bila kujua, na aliyesimama mbele yake ni mimi, niliyedanganya huku najua!  Nikaketi chini pale langoni na kitenge changu cha Jumapili. Mficha uchi hazai. Nikamwambia yote: jiwe lako liko baharini, barua yako iko baharini, na wenye ufadhili nimewaambia hamkuandika. Sala ndefu sikuwa nayo. Nilisema tu, "Yesu, nimechoka kudanganya."

Msidhani alinikumbatia. Alilia kwa hasira. Akaniuliza, "Mama, wako angetupiwa hivi ungefurahi?"  Akajifuta machozi na ncha ya mtandio. Kisha akafungua mkoba, akatoa kipande cheusi chenye vitundu, akaniwekea kiganjani.

"Hili hapa jingine. Hili usilitupe."

Siku ile ile nikawapigia wenzake Mghoi nikakiri. Wa kwanza alinikatia simu, na ilikuwa haki yake. Jioni wakanipigia wote wanne pamoja, tukalia mpaka maneno yakaisha. Ufadhili haukufungwa. Mwanamisi akaandika barua upya, ukweli wote, na kosa lake akaliandika pia. Sasa yuko chuoni.

Je, nimepona? La. Lori likimwaga kokoto bandarini bado naziba masikio. Bado sijui kwa nini ule ukuta haukuzuiwa, na anayejidai kujua asije kwangu kunieleza. Kuna asubuhi kitanda kile bado kinanishinda kukitazama. Lakini Bwana amenitoa katika uongo wangu, na leo nimeimba ubeti mzima. Kwa huo ubeti mmoja namshukuru.

Sasa nisikilizeni, maana ndilo lililonisimamisha hapa. Mawe yalikuwa sita. Moja limepata mwenyewe. Matano sijui ni ya nani, kwa sababu sikuvifungua vile vifurushi. Hata jina moja sikusoma! Wako mabinti watano, pengine Taita, pengine Migori, pengine hapa hapa Majengo, wanaoamini kwamba hawakufaa. Nawaombea bila kuwajua majina. Ndugu zangu, kama una binti, au mpwa, au jirani aliyetuma jiwe akangoja mpaka akakata tamaa, mwambie kosa si lake, ni langu. Mwambie amtumaini Mungu mara moja tena, na mama huyu aliyetubu pia, ikiwa anaweza. Atume jiwe jingine. Nitafungua.