Walikitaka Chuo, Hawakunitaka Mimi

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya hapa Minnesota ameniwekea kiti hapa mbele. Namshukuru, ana moyo mwema. Lakini nitasimama. Nikianguka, wengi wenu mnajua la kufanya, na wasiojua nitawafundisha kabla sijamaliza.

Mimi ni dada yenu kutoka mji wa Crystal. Nina kifafa. Nimelitaja jambo hili mapema ili msikae mkingoja nilizunguke kama wanavyolizunguka watu wetu. Wanasema "ile shida yake", wanasema "hajisikii vizuri". Mimi sijisikii vibaya leo. Najisikia vizuri sana, na nina maneno.

Nilisomea uhandisi wa maji Kanada, katika chuo kikuu cha umma, kikubwa, chenye utafiti unaosifiwa dunia nzima. Jina lake sitalitaja, maana limetajwa vya kutosha nyumbani kwetu. Katika jengo moja pale kulikuwa na ukumbi mrefu uliojaa picha za waliopita chuoni wakawa watu mashuhuri: waziri mkuu, majaji, mwanasayansi wa tuzo ya Nobeli, na mwanaanga akicheka ndani ya suti yake nyeupe. Wanafunzi walipita chini ya picha zile wakitafuna mikate yao, hakuna aliyeinua macho. Mimi niliinua. Nikaupiga picha ukuta mzima, nikamtumia kaka yangu.

Huyo kaka ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walitutoka tukiwa wadogo, na ni yeye aliyekuwa akinisuka nywele asubuhi, vibaya sana, nikachekwa shule nzima. Kwa hiyo ndugu zangu, nawaambia, msikimbilie kumhukumu. Hasira naye ninazo mimi, na mimi ndiye ninayejua nampenda kiasi gani.

Basi kaka aliikariri ile picha. Alipohamia hapa Minnesota, hapakuwa na sherehe asiyosimama kuisoma. "Waziri mkuu ametoka pale! Mtu wa Nobeli ametoka pale! Aliyekwenda angani ametoka pale! Na dada yangu ametoka pale!" Watu wanapiga makofi, nami nakunja shingo kwa aibu tamu. Sitawadanganya, nilifurahia.

Baadaye nami nikapata kazi huku, nikaja. Kazi yangu ilikuwa kukagua mitambo ya maji: kupanda matangi, kuendesha gari kwenda miji midogo theluji ikiwa imefunika barabara. Nilikuwa naipenda mpaka naiota. Kisha Jumapili moja, katikati ya kuimba, nikaanguka kanisani.

Nilipozinduka nilikuta kijiko kinywani, mtu amenikalia miguu, na mwingine anakemea pepo kwa Kiingereza. Jino langu hili hapa lilikatika. Kijiko hicho ndicho kilichonivunja jino, kifafa kinasingiziwa. Tafadhalini, mtu akianguka msimtie kitu kinywani wala msimshike kwa nguvu. Mgeuzeni kwa ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, kaeni naye, na degedege lisipokoma haraka pigeni simu muite ambulensi. Ni hayo tu. Pepo mtamkemea baadaye mkitaka.

Daktari alinikataza kuendesha gari na kupanda matangi. Kazi ikaisha hapo. Nikahamia kwa kaka, basementi, chini ya nyumba. Mnaijua basementi ya huku: dirisha dogo lililo sawa na nyasi, tanuri la joto linanguruma, jiko la pili la kupikia sherehe. Nikaanza kuishi mle. Mwanzoni nilisema ni kwa muda.

Kilichoniuma si ugonjwa. Kilichoniuma ni kwamba wageni wakija, kaka ananiomba nibaki chini. "Pumzika tu, dada." Nami nikiwa nimelala nasikia juu ya kichwa changu: "Waziri mkuu ametoka pale! Mtu wa Nobeli ametoka pale!" Chuo changu kilikuwa sebuleni kinakunywa chai, mimi niko chini.

Katika siku hizo kulikuwa na mama mmoja Msomali mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Cedar-Riverside. Niliwahi kuanguka mlangoni pake nikitoka kwenye treni. Alinigeuza kwa ubavu, akanifunika kwa shuka lake, akawafukuza waliotoa simu kunipiga picha. Nilipoamka hakuniuliza nina nini. Aliniuliza, "Unakunywa chai na sukari?" Nikawa naenda pale mara kwa mara. Aliponisikia nikisema najificha, alinikazia macho: "Umemuibia nani?" Lile swali nilitembea nalo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Binti wa kaka yangu alipata mchumba, kijana mzuri wa familia iliyotoka Bukavu. Siku ya wakwe kuja kuzungumza mahari, kaka aliniita kando. Akaniambia, "Dada, ukianguka mbele yao watasema ni ugonjwa wa ukoo. Mtoto atakosa ndoa. Nisaidie." Alikuwa na machozi. Nami nikakubali, kwa sababu ya mtoto. Nikavaa aproni, nikashuka kukanda chapati.

Kina mama mlio hapa mnajua: siku ya mahari shangazi si mtu wa kukanda chapati. Shangazi ndiye anayeketi na bibi harusi. Ndiye anayeulizwa, "Huyu mtoto amekubali?" Kaka alikuwa amesahau kwamba wakwe nao wana mila zao.

Nikawasikia wakitambulishana. Kaka akasimama, akaisoma ile orodha yake, mwanaanga na wote. Halafu msemaji wa upande wa pili, mzee wa sauti ya taratibu, akasema kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa:

"Félicitations, papa. Sasa, tantine wa bibi harusi iko wapi? Kwetu, bila tantine hatuwezi anza."

Kisha nikasikia kaka yangu, aliyenisuka nywele, akisema, "Shangazi yuko Kanada. Anafundisha chuo kikuu kilekile."

Unga ulikuwa mikononi. Ndugu zangu, nimepoteza leseni, nimepoteza kazi, nimepoteza jino. Lakini siku ile nilisikia nikifukuzwa nchini nikiwa ndani ya nyumba.

"Ah, bon," akasema mzee. "Basi tumupigie na video, atupatie baraka."

Kaka akaanza kueleza mambo ya saa, kwamba huko Kanada yuko darasani. Wakati bado anaeleza, simu yangu ikalia juu ya meza ya unga. Ililia kwa nguvu, na mlango wa ngazi ulikuwa wazi. Nikatazama jina. Alikuwa ni bibi harusi mwenyewe, ameketi katikati ya wageni, ananipigia huku akijua fika niko wapi. Nikapokea. Hakusema mengi.

"Auntie, njoo juu. Please."

Nikapanda ngazi. Sikunawa, sikuvua aproni. Nikasimama mbele ya wakwe, nikasema: "Mimi ndiye shangazi. Sifundishi Kanada. Nilisoma pale, ni kweli, na nilisoma vizuri. Sasa ninaishi chini hapa kwa sababu nina kifafa na ndugu yangu anaogopa mtamkataa mtoto. Mtoto huyu nilimfundisha hesabu mezani kwangu. Mkitaka kumuuliza kama amekubali, mimi ndiye wa kumuuliza."

Mama wa kijana akaniuliza bila kuzunguka, "Na hiyo ugonjwa, iko ya familia?"

"Mama, daktari wangu mwenyewe hajui ulikotoka. Siwezi kukuahidi ambalo yeye hajaniahidi. Lakini hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuficha tena."

Wakatoka nje kushauriana, wote, kwenye gereji, na baridi ile. Tukabaki tunasikia vishindo vya miguu yao wakijipasha joto. Kaka akanigeukia, sauti ya chini: "Umetuharibia."

"Nimepanda ngazi tu," nikamwambia.

Bibi harusi alikuwa amenishika mkono, unga wangu umemjaa kwenye gauni. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, na ndiye aliyepiga simu. Huyo mtoto nitamshukuru mpaka nazikwa.

Waliporudi, mzee hakutoa hotuba. Alivuta kiti, akakiweka karibu na bibi harusi. "Tantine akae kwa nafasi yake," akasema, "tuanze." Na mama wa kijana akaongeza kwamba chapati zinanukia kuungua huko chini. Ni kweli, ziliungua. Tulizila hivyohivyo.

Kuanzia siku ile sikulala tena basementi. Nilitafuta matibabu kwa bidii badala ya kwa siri, na dawa nilizobadilishiwa zinanishika vizuri. Nimerudi kwenye kazi ya maji. Sipandi matangi, nakaa ofisini kule Saint Paul nakagua michoro ya wanaopanda. Naenda kwa basi na treni. Bado naanguka mara mojamoja. Nikianguka, naamka, najipangusa, naendelea na safari.

Kaka hakunisemesha majira mazima ya baridi ya mwaka jana. Leo amenileta. Yuko nje kwenye maegesho, injini inanguruma, amekataa kuingia. Hata hivyo nimeona ameshusha kioo upande wa mlango huu, katika baridi hii. Mwacheni. Anasikia.

Namshukuru mama wa vitambaa kwa chai na kwa swali lake. Nawashukuru wakwe zetu walioganda gerejini kisha wakarudi. Nawashukuru ninyi, mlionizoea nikianguka hapa katikati ya mkutano, mkanigeuza kwa ubavu na kuendelea na ajenda.

Na wewe unayeishi basementi ya mtu, kwa ugonjwa, kwa talaka, kwa kufukuzwa kazi, kwa lolote, nakuuliza nilivyoulizwa: umemuibia nani? Panda. Hata kama mikono ina unga.

Juzi kaka alikuwa na wageni. Nilikuwa sebuleni, nimeketi, kikombe mkononi. Akaanza, "Waziri mkuu ametoka pale..." akaniona, akanyamaza. Nikamwambia mbele yao, kwa upole: "Endelea, kaka. Kitaje chuo changu upendavyo. Ila kikiingia sebuleni, naingia nacho."

Mwenyekiti, sasa nipe kile kiti. Nimetaka mwenyewe kuketi.