Programu Iliyofunguka Ipole

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwanajuma Sabiri anakabidhi funguo za chumba cha kompyuta, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ushirika wetu wa wafuga nyuki hapa Tabora. Aliingia akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa mwandishi wa programu inayopokea asali ya wanachama wote, na jamani, hakuna aliyemtuma.

Binti huyu wa fundi saa alijifundisha mwenyewe Pascal, lugha ya kuandikia programu, kwa kitabu kisicho na jalada. Mwaka 2002 akatuandikia programu ya mapokezi: kila ndoo ya asali, jina la mfugaji na kijiji ilikotoka. Bila hayo wanunuzi wa nje hawaigusi asali yetu.

Kasheshe ilianza 2016. Tulipewa kompyuta kumi na mbili zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, na programu yake iliijua Windows tu. Uongozi ukataka itupwe, tutumie mfumo wa mtandaoni. Mtandao, kwenye kituo chetu cha kijijini Ipole! Bi Mwanajuma alifoka mpaka miwani ikamdondoka. Akaomba wiki tatu atafute zana nyingine ya kuandikia programu. Akishindwa, kazi ya miaka kumi na minne inakwenda jalalani.

Masharti aliyaweka yeye. Msimbo uandikwe mara moja, ufanye kazi kwenye kompyuta zote. Mtandao usihitajike. Na Nestory, mpokea asali wa Ipole, aweze kuitumia bila kipanya, maana vidole vyake vina asali tangu asubuhi. Zana ya kwanza ilikuwa na sura ya kupendeza, ila Linux haikuitaka. Ya pili ilifunguka kote, lakini Nestory alikwenda kunywa uji, akarudi, bado inajifikiria. Ya tatu ilikuwa Lazarus pamoja na Free Pascal: lugha ileile, fomu zilezile, marekebisho machache.

Ofisini, kwenye kompyuta ya zamani ya Windows, ilifunguka vizuri, nami Xavery wa bohari nikaharakisha kuagiza pilau ya pongezi. Kesho yake, Ipole, ikafunguka bila jina hata moja la mfugaji! Bi Mwanajuma alikuwa ameiagiza itafute majina kwenye diski C, na Linux haina diski C. Alikiri kosa mbele ya wote, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akarekebisha. Baada ya saa moja majina 2,140 yakajaa kwenye kioo. Nestory alipiga vigelegele, mwanamume mzima!

Juma lililopita Shamila, mwanafunzi wake, aliihamishia programu kwenye kompyuta mpya. Bi Mwanajuma alikatazwa kugusa chochote, akaikalia mikono yake. Majina yote yalipotokea alilia kwa furaha, nasi hatukumwacha alie peke yake.

Ahsante sana, Bi Mwanajuma. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasumbufu. Zawadi yako imetoka Ipole: kibodi ya zamani ya Nestory. Amekataa katakata kuiosha. Kitufe cha Enta bado kinanata.