Mstari Usio na Mwenzake

Nje ya chumba cha fundi cherehani kuna benchi lenye mguu mmoja wa tofali, na kila adhuhuri Fundi na jirani zake, kinyozi miongoni mwao, hulikalia kunywa kahawa na kuihukumu dunia. Siku hiyo kichwa kilimvimba Fundi, na haki yake: binti yake alikuwa amechaguliwa kusimama saa nane mbele ya shule nzima, achambue soneti ya Kiingereza, shairi la mistari kumi na minne, ya mshairi wa siku hizi. Jambo moja tu lilimkwaza. Pembeni mwa kila mstari daftarini binti alikuwa ameandika herufi, vina vinavyofanana herufi moja, na mistari miwili ya mwisho haikupatana.

— A, B, A, B, Fundi alisoma kwa kidole, binti kasimama kando yake. C, D, C, D. E, F, E, F. Kila mmoja na mwenzake. Halafu huku mwisho G, na H! Mwanangu, mbona hawa hawajaoana?

— Ndivyo lilivyo, baba.

— Guni hilo! Kinyozi aliruka. Shairi lisilo na vina ni guni, tulifundishwa hata sisi wa dawati la nyuma. Mimi nikimnyoa mtu nusu kichwa nikamwambia ndiyo usasa, ataniaga kwa heri?

— Vina vilimwishia, alisema Spika, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Vitamwishiaje mshairi? Kinyozi aliuliza.

— Basi alikufa. Mstari wa kumi na tatu, roho ikatoka.

— Na wa kumi na nne kaandika nani?

— Marehemu. Mfa maji haachi kutapatapa.

— Wewe! Mimi nakwambia hizo ni alama za majasusi, alisema Kinyozi. G ni mahali, H ni saa.

Benchi zima lilicheka, Fundi hakucheka. Akilini alimwona mwanawe kasimama mbele, shule nzima inamzomea.

— Futa hiyo H, mama. Tia G mbili. Usije ukaumbuka.

Binti alishika kifutio, machozi yanamlengalenga. Wakati huo mteja mmoja, mama mtu mzima aliyefuata gauni lake, alikuwa amesimama mlangoni akiwasikiliza.

— Samahani jamani. Hilo shairi linasema nini?

Kinyozi alichungulia kikombe. Nusu saa nzima hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

— Ni mtu amefiwa na mkewe, binti alisema taratibu. Bado anatenga vikombe viwili, mito miwili. Vitu vyote viwiliviwili, kama vina. Mwisho anakaa kunywa chai peke yake. Ndiyo maana mstari wa mwisho hauna mwenzake.

Fundi alikuwa amemzika mkewe mwaka juzi. Alitazama ile H, akaielewa kuliko yeyote pale, yeye asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Akamnyang'anya mwanawe kifutio, akakitia mfukoni.

— Usifute hata nukta. Na wakikuuliza nani kakufundisha, usimtaje mtu yeyote wa benchi hili. Sema umejua mwenyewe.