Mtangulieni Mama Upawa kwa Salamu

Ndugu wasomaji wa jarida letu, hamjambo? Natumaini salamu hizi zinawakuta wazima, na aliyekuwa anaumwa amepata nafuu. Sisi huku jikoni hatujambo, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, ila tumebaki wachache, na mwisho wa mwezi huu tunapungua tena.

Tarehe thelathini, mpishi mkuu wa jiko letu la uji wa bure, ambaye wote tunamwita Mama Upawa, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Siku hiyohiyo jiko lenyewe linafungwa. Wazee na wagonjwa wachache waliobaki watapelekewa chakula majumbani, na jengo litakodishwa. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wake. Nilimwambia kalamu naishika kama mwiko, akasema ndiyo maana amenichagua mimi.

Mimi ni muosha vikombe. Kabla ya kuviosha nilikuwa navinywea, nikiwa kwenye foleni na mtoto mgongoni, na jambo hilo sijawahi kulificha. Wengi wanalificha. Siwalaumu, na huko ndiko maneno yangu yanakoelekea, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mama Upawa alikuja kwetu akiwa mjane mpya, binti yake anatambaa. Mpishi wa wakati ule alikuwa amevunjika mkono, na yeye aliombwa ashike upawa kwa wiki moja tu. Mpishi yule hakurudi, na wiki ile ndiyo inaisha sasa. Foleni ilikuwa inazunguka jengo, inapita karakana ya mafundi bati na kuishia kwenye ukuta wa posta. Watu walikuja na makopo, na sufuria zisizo na masikio, na mmoja alikuja kila siku na kofia ngumu ya ujenzi, akinywa uji humo na kisha kuivaa kwenda kutafuta kibarua. Mama Upawa aliwapimia wote sawa. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: aliyeusifia uji alipata nusu upawa wa ziada. Mambo hayo hayafichiki, na punde tukawa na foleni yenye sifa nyingi kuliko kwaya.

Vijana wa leo wakisikia habari za njaa ya miaka ile wanadhani chakula hakikuwepo. Kilikuwepo. Ng'ambo ya mto wakulima walikuwa na nafaka inayotobolewa na wadudu maghalani, na huku sisi tunaongeza maji kwenye uji. Katikati palikuwa na kizuizi. Kuvusha gunia kulihitaji kibali, na vibali vilikuwa na wenyewe. Ghala moja tu mjini liliruhusiwa kuuza, kwa bei iliyoandikwa ubaoni, na mara nyingi ubao ulikuwepo, unga haupo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwembamba, mwingi wa maneno, ambaye kila akijaribu kuvusha mzigo ananyang'anywa. Tulimwita Mwenye Magunia kwa sababu hakuwa na hata moja.

Vibali vilipoondolewa, kila mtu akiruhusiwa kununua na kuuza anapotaka, Mama Upawa alikasirika. Aliamini wafanyabiashara wakiachiwa watatunyonya hadi mfupani. Alimwambia Mwenye Magunia mbele ya foleni nzima kwamba yeye ni kupe aliyevaa suruali. Na miezi ya mwanzo, nisiseme uongo, ilionekana yuko sahihi. Bei ilipanda na foleni ikapita posta. Lakini bei ile ya juu ilimwita kila mwenye chombo cha kubebea. Walikuja na malori, wakaja na baiskeli, wakaja na mikokoteni, wakagombania wateja hadi kutukanana, na kila walivyogombana bei ilishuka. Wakulima wa ng'ambo walipoona nafaka yao ina mnunuzi, msimu uliofuata walilima zaidi. Wapakiaji walihitajika, na mshona magunia, na fundi wa pancha, na hao wote walihitaji kula, ndipo akina mama wakaanza kuweka meza za chakula kando ya barabara. Nilikuwa naziona meza zile kutoka dirisha la kuoshea vyombo. Kila nikiinua macho naona nyingine.

Siku moja Mwenye Magunia alisimama mlangoni, sasa akiwa nayo kweli, akasema, "Mama, mimi na wewe tunagombania watu walewale. Tofauti ni kwamba wa kwako hawalipi."

"Wachukue wote, bwana," Mama Upawa akamjibu bila kugeuka. "Chukua na foleni yenyewe uende nayo."

Alitamka kwa mzaha, lakini ndiyo ilikuwa sala yake. Kila asubuhi kabla ya kufunua sufuria aliinamisha kichwa na kusema, "Ee Mungu, leo wapungue." Hakuomba tupate unga zaidi. Aliomba watu wasije. Mimi nilikuwa naitikia amina nikiwa na mikono ndani ya maji ya sabuni.

Wakaanza kupungua. Na hapa niwaeleze kilichotokea kwa mshonaji mmoja. Alikuwa mwanamke mpole mwenye watoto wawili, alikuja kwa miaka mingi. Baadaye alipata cherehani kuukuu akawa anashona sare za shule kwa wenye maduka, maana maduka nayo yalikuwa yameanza kuota kila kona. Siku moja hakuja, wala iliyofuata. Enzi zile mtu wa foleni asipoonekana tulijua ni mgonjwa au amefariki. Mama Upawa alijaza chombo, akafunga kanga, tukaenda wote kumtafuta. Tulimkuta mzima, sufuria yake inachemka, na wateja wawili wamekaa wakisubiri kupimwa. Mama Upawa alifurahi hadi akajisahau. Alisimama mlangoni na chombo mkononi akasema kwa sauti, "Kumbe u mzima, mwanangu, na mimi nilikuletea uji wako."

Wateja wale waliangaliana. Mshonaji alitoka, akatuvuta kando ya ukuta, macho yamemjaa machozi. "Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu," alisema. "Ila usije tena na chombo. Hapa hawajui nilikotoka."

Tuligeuka na chombo chetu. Katikati ya njia tulikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa tukaunywa uji ule sisi wenyewe, umeshapoa. Kesho yake asubuhi Mama Upawa alituita wafanyakazi wote akatuwekea sheria ambayo haijaandikwa popote. Nje ya jiko hatumjui mtu. Anayetaka kutujua atatuanza yeye. Asipotuanza, tupite.

Sheria hiyo ameishika hadi leo, na ndiyo iliyomfikisha hapo alipo. Nendeni naye sokoni mtaona. Nusu ya wenye vibanda aliwahi kuwapimia. Anajua nani alipenda uji mzito na nani alilialia hadi uwekwe sukari. Anapita katikati yao akiangalia nyanya, nao wanaangalia mizani. Mwezi uliopita tuliingia duka la vifaa vya nyumbani, zuri, lina taa kila rafu. Mwenye duka ana kovu la moto kwenye kiganja. Aliungua kwenye sufuria yetu akiwa mtoto, na ni Mama Upawa aliyemfunga kidonda kile kila siku hadi kikapona. "Karibu mama, nikusaidie nini?" akamuuliza, kama anavyomuuliza yeyote. "Sabuni ya kipande, baba," akajibu. Alipokea sabuni kutoka kwenye kiganja kilekile. Tulipotoka nje akaniambia, "Umeona? Kimepona vizuri."

Sijui kama kijana yule alimsahau au alikuwa anaogopa. Nadhani wengi wanafikiri yeye ndiye aliyewasahau, kwa kuwa hawasalimii. Na yeye anafikiri wanataka wasahauliwe. Basi kila mmoja anamtunzia mwenzake heshima, na wote wanapitana.

Mafanikio yake ni mengi na mkurugenzi atayasoma siku ya sherehe. Mimi nitaje kushindwa kwake kumoja ili mcheke. Tulipobaki na watu wachache, ofisi ilitununulia sufuria ndogo. Mama Upawa hajawahi kuiweza. Ile kubwa, ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani yake, hakuiunguza hata siku moja. Hii ndogo aliiunguza mara ya kwanza, na ya pili, na jana. Anakoroga kwa nguvu za sufuria kubwa, uji unarukia kuta. Mwenye Magunia, ambaye sasa ndiye anayetupatia unga bila malipo, alituona tunakwangua akasema, "Mama, nimewachukua wote kama ulivyoniambia, mbona unaninunia?" Mama Upawa alicheka sana. Halafu akachukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Mwaka huu mkurugenzi alitusomea taarifa kwenye kikao. Ilisema si hapa kwetu tu. Katika nchi nyingi za mbali, katika miaka hii tuliyofanya kazi, watu waliokuwa katika ufukara wa kutupwa wametoka kwa makundi makubwa, hasa pale waliporuhusiwa kuuza na kununua na kuhangaika wenyewe. Bado wapo waliobaki, alisema, lakini si kama zamani. Tulipiga makofi. Mama Upawa akauliza swali moja: "Kwa hiyo na huko kuna wapishi waliokaa bila foleni kama mimi?"

Mimi namfahamu, hakuwa analalamika. Mungu amempa alichoomba, naye anashukuru kwa magoti. Ila sala yake ya asubuhi imekwisha. Siku hizi anainamisha kichwa juu ya sufuria ndogo na midomo haisogei. Aliniambia hajui sasa aombe nini. Binti yake anaishi mji mwingine, ana biashara yake ya nywele, anapiga simu Jumapili. Siku nyingine Mama Upawa anazungumza na redio, akibishana na wasoma habari.

Tulipompangia sherehe ya kuagwa alitukataza kuwaalika waliokula kwetu. "Mtawaaibisha watu na biashara zao," alisema. "Niageni nyinyi watano, inatosha." Nilibishana naye siku nzima tukikausha vikombe, na mwisho nikapata njia ambayo hakuweza kuikataa. Jumamosi hiyo ya tarehe thelathini hatutagawa kadi wala kutangaza majina. Kila atakayeingia atapanga foleni na kupewa uji kikombeni, awe mkurugenzi, awe Mwenye Magunia, awe mke wa mwenye jengo, awe mpita njia. Wote tukiwa na vikombe vyetu, nani atajua yupi alikunywa zamani na yupi anakunywa leo kwa mara ya kwanza?

Kwa hiyo njooni, kuanzia asubuhi. Huna haja ya kumwambia chochote. Lakini ukifika mbele yake usingoje, maana yeye hatakuanza. Msalimu wewe kwanza, hata kwa neno moja, na kama utakumbuka, usifie uji.

Mama yetu, asante kwa kila kikombe. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi mzuri, na akupe watu wa kubisha hodi kwako bila shida yoyote, wamekuja kukaa tu.

Nanyi wasomaji, tafadhali tujibuni mapema kama mnakuja, kwa barua, kwa simu ya ofisini, au kwa kunong'ona dirishani kwangu, ili tujue siku hiyo tuinjike sufuria ipi.