Usaili wa Waya Mwekundu

Hebu nijibu wewe: umewahi kusikia waya ukiitwa kwenye usaili wa kazi? Hujawahi. Basi sogea ukae, ila usilemee upande wa huko, benchi hili lina mguu mmoja mfupi. Ni la chuma, limechomelewa na Cheche mwenyewe, fundi milango mwenye karakana hapo nyuma, na kuyumba kwake ndiyo sahihi yake. Mbele ya benchi Mama Birika ana jiko lake la mkaa na vikombe vyake visivyoshika hata mafunda mawili. Asubuhi hiyo, pembeni ya jiko, liliegeshwa gari jeupe, taa kubwa zimewashwa mchana kweupe, zimeukodolea ukuta wa karakana kama askari anayemhoji mwizi. Miguu miwili ilikuwa imetokeza mlangoni. Mwenye miguu alikuwa chali chini ya dashibodi, anatukana kwa lugha mbili.

Huyo ndiye Joho. Alisomea usimamizi wa rasilimali watu, yaani elimu nzima ya jinsi ya kuajiri watu, na tangu alivue joho lenyewe hajaajiriwa na mtu. Barua za maombi ameandika mpaka kidole kimeota sugu. Leo sasa mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na aliyeufungua ni mjomba wake, mwenye gari. Mjomba alisema hivi kwenye simu: "Kabla ya adhuhuri atakuja hapo kijiweni mama mmoja ana keki ya harusi. Mfikishe ukumbini, keki nzima, redio inaimba, na hilo gari ni lako ulifanyie teksi. Ukishindwa, funguo nampa shemeji yako." Shemeji mwenyewe ni yule anayemwita Joho "msomi wetu" huku akichekea puani. Bora Joho ameze funguo kuliko kumkabidhi mtu yule.

Redio ilifungwa garini jana jioni, kijiwe kizima kikishiriki. Kuimba, ilikuwa inaimba. Lakini iliimba taa kubwa zikiwaka tu. Zima taa, kimya. Kanyaga breki, kimya. Achia breki, inaamka upya, kioo chake kinaandika HELLO, imesahau stesheni zote kama mtu aliyepigwa rungu.

— Tatizo liko wapi sasa? aliuliza Mzee Rufaa, tarishi mstaafu wa mahakama, ambaye tangu astaafu hajakubaliana na uamuzi wa mtu yeyote, hata wa sukari kiasi gani. — Si itembee taa zinawaka? Mchana taa hazina kosa.

— Na breki, mzee? Joho alijibu kutoka chini. — Nisifunge breki mpaka wimbo uishe? Nimgonge mtu kwa sababu kibwagizo hakijafika?

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Mzee Rufaa, akanywa kahawa kama aliyemaliza kesi.

Mama Birika jana alifunga jiko mapema, hakuona kilichotendeka. Akauliza:

— Kwani mliifungia waya gani?

— Mwekundu, alijibu Cheche. — Alishinda kwa haki.

— Alishinda nini?

— Usaili, mama.

Birika likabaki hewani. Joho akajivuta nje, akaketi kwenye kizingiti cha mlango, grisi puani, akaanza kumweleza kwa ile sauti ya mtu anayesoma risala.

— Mama, nyuma ya dashibodi kulikuwa na nyaya mbili zenye umeme. Mwekundu na wa njano. Redio inahitaji mmoja. Sasa unachaguaje? Kwa sura? Kwa kujuana, kama wanavyofanya huko maofisini? No! Nikasema tufuate utaratibu. Due process. Tukakaa paneli.

— Mimi nilikuwa mwenyekiti, alisema Mzee Rufaa.

— Mimi mtaalamu wa ufundi, alisema Cheche.

— Mimi afya, alisema Dokta Panya. Huyu wa tatu anauza sumu ya panya kwenye sinia la bati, na udokta amejipa mwenyewe kwa idadi ya marehemu wake.

— Tukawaita mmoja mmoja, Joho aliendelea. — Wa njano tukamtazama. Mama, msafi! Hana hata kipande cha utepe mwilini. Hajawahi kuungwa wala kukatwa. Yuko vilevile alivyotoka kiwandani. Lakini mwekundu! Ana utepe huku, utepe kule, ameungwa, akakatwa, akaungwa tena. Mafundi wangapi wamepita pale? Ile ndiyo CV.

— Mwenye kovu usidhani kapoa, aliongeza Mzee Rufaa, na hakuna aliyemuuliza alikuwa na maana gani.

Mama Birika aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akamimina kahawa taratibu.

— Kwa hiyo wa njano mlimkataa kwa kuwa hana uzoefu.

Joho alijifuta grisi puani. Maneno hayo aliyajua: ameyasoma kwenye kila tangazo la kazi.

— Hatukumkataa, alisema Dokta Panya kwa upole. — Tulimwambia tutampigia.

— Na mweusi? aliuliza Mama Birika. — Kila redio si ina waya mweusi?

— Yule hakuhitaji usaili, yule kazi yake ni kushika chuma tu, alisema Dokta Panya. — Nilimfunga mimi kwenye mkono wa pedali ya breki. Ndicho chuma pekee nilichokifikia bila kupiga magoti, magoti yangu haya unayajua.

Wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima ya magoti. Hata mmoja hakuunganisha pedali hiyo na redio inayozima breki ikikanyagwa.

— Tatizo lenu, alisema Cheche, akavuta miwani yake ya kuchomelea usoni ingawa hakuna kilichokuwa kinachomelewa, — hamuelewi umeme wa gari. Umeme wa gari ni baridi. Wa karakana yangu ndio umechemka. Huo wa kwenye betri unatembea chinichini kama maji. Taa ziko chini, redio iko juu. Taa zikishiba ndipo umeme unafurika kuifikia redio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa hiyo tufanyeje?

— Niruhusu nivute waya mmoja tu kutoka kwenye mashine yangu. Redio hiyo itaimba mpaka nyimbo ambazo hazijatungwa.

— Usiguse! Gari la mjomba hili, si geti!

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Pingamizi, alisema Mzee Rufaa. — Fundi anasema uongo. Redio hii, Joho, uliitoa wapi?

— Kwenye yadi ya magari mabovu.

— Gari lake lilikuwaje?

Joho akakohoa.

— Limekunjamana mbele.

— Haya! Mzee Rufaa akapiga goti lake. — Ajali! Redio hii ni shahidi. Iliona kila kitu. Breki zilikanyagwa, watu wakapiga kelele, bwa! Sasa kila ukikanyaga breki, kumbukumbu inarudi, inazimia. Nimewaona mashahidi wa namna hii mahakamani, unamtajia siku ile tu, anaanguka.

— Na taa je?

— Inaogopa giza, maskini.

— Redio inaogopa giza mchana, mzee?

— Nyuma ya dashibodi kuna mchana?

Hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa na hoja. Kisha Dokta Panya akaweka sinia lake chini, jambo analolifanya akiwa na utambuzi wa uhakika.

— Ni panya.

— Tulijua utasema panya.

— Nisikilizeni. Panya jike, ana watoto. Amekula waya mahali, kipande kimekatika, na yeye amelala palepale kwenye pengo. Umeme unapita mwilini mwake.

— Si atakufa?

— Cheche amesema umeme wa gari ni baridi. Anahisi mtekenyo tu. Sasa, taa zikiwaka anajua ni usiku, anaamka, anajinyoosha, mkia huku pua kule, waya unaungana, redio inaimba. Ukifunga breki ghafla?

Akasubiri. Wote walikuwa wameinama mbele.

— Anateleza mbele. Waya unaachana. Kimya.

— Alaa, alinong'ona Cheche.

— Penye nia pana njia, alihitimisha Dokta Panya, akachukua sinia.

Joho alisimama. Hasira zilimpanda kutoka kwenye kandambili.

— Mnajua kinachoniua? Si redio. Ni kwamba nchi yote imekaa kwenye benchi moja kama hili, inahoji waya! Nimekwenda kwenye usaili, wakaniuliza, "Unajiona wapi miaka mitano ijayo?" Jamani, mimi nilikuwa najiona kwenye foleni ya usaili ule ule! Wanataka kijana, awe na uzoefu wa mzee, alipwe kama mtoto. Seriously! Mtu anapata uzoefu wapi, tumboni mwa mama yake?

— Usipaze sauti, panya anasikia, alisema Dokta.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alisema Mzee Rufaa. — Redio leo ina siku ya pili. Ivumilie, kesho itafanya kazi yenyewe.

— Keki inakuja leo!

Akarudi chini ya dashibodi, safari hii bila paneli. Akaushika waya mwekundu kwenye kiungo cha jana, akaufuata kwa kidole, utepe baada ya utepe, ukazunguka nyuma ya usukani, ukapanda, ukaingia. Akatazama ulikoingia. Swichi ya taa.

Akaufuata tena kwa kidole, mara ya pili, kuhakikisha.

— Jamani, alisema hatimaye. — Mwekundu ni mwajiriwa wa taa.

— Ati?

— Ana kazi yake! Taa zikiwashwa anaingia kazini, zikizimwa anakwenda nyumbani. Tumempa redio kama kibarua cha pembeni. Uzoefu wote ule tuliousifu, uzoefu wa taa!

— Hakutuambia, alisema Mzee Rufaa kwa uchungu wa kweli.

— Mlimuuliza? aliuliza Mama Birika.

— Niitieni wa njano, alisema Joho. — Nileteeni utepe. Leo anaanza kazi.

Alimfungua mwekundu, akamvua wa njano kifuniko chake cha plastiki ambacho hakijawahi kuguswa, akamsokotanisha na waya wa redio kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto sare siku ya kwanza ya shule. Kijiwe kizima kikasimama. Benchi likaanguka, hakuna aliyejali.

Redio ikawaka. HELLO.

— Imesalimia! Cheche alirusha mikono.

— Salama, wewe hujambo? alijibu Mzee Rufaa, mtu wa adabu.

Ikazima. Ikawaka. HELLO. Ikazima. Ikawaka, maandishi membamba kama ya mgonjwa: HEL. Ikazima, na ukutani mwa karakana zile taa kubwa zilizoanza zamu tangu asubuhi zikawa za manjano, kisha za kahawia, kisha ukuta ukawa ukuta tu.

— Mmeona? alisema Dokta Panya. — Si tuliwaambia huyo hana uzoefu?

Joho alikuwa anatafuta spana ya kumpigia nayo, wakati kivuli kilipoanguka mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe juu ya gauni la shughuli, mikono yote miwili imekumbatia boksi refu kama mtu aliyebeba mapacha. Juu ya boksi, kwenye tundu la karatasi ya nailoni, vichwa viwili vya sukari, bwana na bibi harusi, vilikuwa vinachungulia.

— Hamjambo hapa. Nimeambiwa niulizie kijana anaitwa Joho.

— Hatujambo, shikamoo mama. Ni mimi.

— Marahaba. Mjomba wako kanituma. Haya, mwanangu, sina muda, wanaomba keki kabla ya chakula. Akalitazama gari, taa zake zilizokufa, nyaya zinazoning'inia. Akawatazama wazee na vikombe vyao. — Gari linawaka?

Ni swali dogo. Asubuhi nzima kijiwe kilikuwa kimejibu maswali makubwa mara kumi ya hilo. Kilieleza joto la umeme, hofu za redio, uzazi wa panya. Sasa Cheche akavua miwani akaifuta. Mzee Rufaa akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Dokta Panya akaanza kupanga vifuko vyake kwa rangi.

Joho akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likasema tik. Akazungusha tena. Tik, lakini kwa unyonge zaidi.

— Lisukumwe, alinong'ona Cheche.

— Ni otomatiki, Cheche. Hili hata ulisukume mpaka mpakani haliwaki.

— Basi tumpigie shemeji yako? aliuliza Mzee Rufaa. — Ana gari zima.

Joho aligeuka polepole sana. Mama wa keki akaona uso ule, akaona na kijasho, na bila shaka akaelewa jambo, kwa sababu alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi, akaweka boksi mapajani na kufunga mkanda juu yake.

— Ukumbi si ule pale, baada ya duka la vitambaa? alisema. — Mjomba wako kaniambia nikifika nimpigie simu. Nitamwambia nimefika. Hakuniagiza nimweleze nimefikaje.

Joho akaweka gia huru. Akazungusha mpini wa kioo kikashuka, akashika usukani kwa mikono miwili kama dereva yeyote mwenye abiria wake wa kwanza, akatoa kichwa nje.

— Wajumbe wa paneli! Mwenyekiti, nyuma kwenye buti, upande wa kulia. Mtaalamu wa ufundi, upande wa kushoto. Wa afya, katikati, na magoti yako usiniambie habari zake. Mmetumia umeme wote wa betri ya mjomba kusikiliza nyimbo na kuhukumu nyaya, na sasa natoa tamko, official: kuanzia leo anayetoa uamuzi ndiye anayeusukuma. Wekeni vikombe chini. Sukumeni! Taratibu, mzee, kuna maharusi humu ndani. Nimesema sukumeni!