Mzee Elinami, Mpasha Maji ya Ubatizo

Mzee Elinami Urio ameutumikia Usharika wa Ebenezeri, huku juu ya Nkoaranga, kwa miaka thelathini na moja. Jumapili ya tarehe 28 Desemba 2025, baada ya ibada ya kwanza, anakabidhi funguo na kustaafu. Mimi Mama Diana, mpishi wa usharika, nimeombwa niandike habari zake kwenye jarida letu, nikaambiwa nisizidishe. Nitajitahidi.

Alianza mwaka 1994 kama mlinzi. Baadaye ikaongezeka kufagia, kisha kengele, kisha kubadilisha vitambaa vya madhabahu kufuata rangi za majira ya kanisa. Hakuna aliyemwajiri kwa hayo yote. Aliyaona hayana mwenyewe, akayachukua.

Sisi ibada yetu ina mpangilio. Tunaungama dhambi kwanza, tunatangaziwa msamaha, tunasikia Neno, tunakiri imani kwa sauti moja, na mwisho tunatoka nje kwenye mnada wa ndizi na kuku waliotolewa sadaka. Shida ni kwamba kuku hawajui mpangilio. Mwaka mmoja siku ya mavuno jogoo alikata kamba, akaingia chini ya madhabahu, akawika katikati ya maungamo. Kila mtu akamkumbuka Petro aliyemkana Bwana, na nadhani siku ile tuliungama vizuri kuliko siku zote. Mzee Elinami alimtoa taratibu, akakaa naye ndani ya koti mahubiri yote. Wanaosema wote wawili walisinzia hawana ushahidi.

Vijana nao walipoleta spika kubwa kutoka mjini, wazee walinuna, wakasema Mungu hajawahi kulalamika kuwa sauti zetu hazimfikii. Mzee Elinami hakubishana na upande wowote. Aliigeuza ile spika ikaangalia migombani. Vijana waliimba, wazee walitulia, na ile migomba inazaa mpaka leo.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni maji ya ubatizo. Huku kwetu mwezi wa saba maji ya bomba yanauma meno, na sisi tunabatiza watoto wachanga. Alikuwa anayachemsha, anayatia kwenye chupa ya chai, na yakishapoa kiasi anayajaribu kwa kiwiko kama mama.

Zamu ya Diana wangu ilipofika, chupa aliyoitumia ilikuwa ya kikao cha wazee wa kanisa cha jana yake, na haikusuuzwa vizuri. Mchungaji alipomimina, maji yakatoka na rangi, na harufu ya tangawizi ikafika mpaka benchi la tatu. Mchungaji akabatiza. Diana akaramba midomo, akatabasamu.

Mama mkwe wangu, Bibi Tabea, alisema mtoto amenyweshwa chai, hajabatizwa, arudiwe. Mchungaji akatueleza kwa upole kwamba maji yenye rangi bado ni maji, kwamba nguvu ya ubatizo ni Neno la Mungu, na kwamba ubatizo ni mmoja, haurudiwi. Nikaitikia amina, lakini moyo haukukubali. Mtoto akipiga chafya tu, nasema ni ile chai. Nilijiuliza, akifa je, Mungu atamtambua?

Siku ya tatu Mzee Elinami alikuja nyumbani, akasimama mlangoni ameshika kofia. Aliomba radhi kwanza. Halafu akasema, "Mama Diana, Mungu angekuwa anangoja mimi nisuuze chupa vizuri, usharika huu usingekuwa na Mkristo hata mmoja."

Bibi Tabea alicheka mpaka akakaa chini. Akamkaribisha chai. Mzee akasema leo ataomba maji tu.

Tangu siku ile nimekuwa na wasiwasi wa mengi, mvua, barabara, bei ya kahawa, lakini huo wa ubatizo uliondoka. Hata hivyo niliomba kazi ya jikoni, ile chupa niwe naiosha mwenyewe. Diana alishapata kipaimara, sasa anapiga tarumbeta kwenye bendi yetu, na akiipiga nakwambia Mungu anamtambua, na Nkoaranga yote inamtambua.

Mzee Elinami, Baba Prosper wetu, asante sana, wewe na Mama Prosper aliyekukosa nyumbani kila Jumapili. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma na wajukuu wanaosikia. Jumapili ya kwanza ya mapumziko yako tunakuomba jambo moja: usiwahi, usishike ufagio, usiangalie mlango. Njoo mikono mitupu, uketi mbele pamoja na sisi, upokee tu.