Mstari wa Stany

Katika taksibasi ya kutoka Kapata, Stany, aliyeuza pikipiki yake ili anunue hisa za kampuni ya shaba, alikuwa akimweleza mama Bilonda, muuza samaki aliyeketi kando yake, maana ya pivot, mstari wa kukisia bei ya hisa itageukia wapi.

"Mama, unajumlisha bei ya jana ya juu, ya chini na ya kufunga, unagawa kwa tatu, unachora mustari. Leo bei ikishuka paka hapo, itarudia juu."

"Na kama haijui kama uko unaingoja?"

Darlène, mwanafunzi aliyekuwa nyuma yao na aliyechukia kamari kwa dhati na kuziona hisa kuwa kamari tu, alicheka kimoyomoyo.

"Shaba iko inapita hapa inje na makamio, mwanangu. Weye uko unaitafuta mu telefone!" alisema mama Bilonda, akimwonyesha malori barabarani.

"Angalia, mama! Imegusa mustari!"

Taksibasi ikasimama sokoni. Abiria wote walishuka, isipokuwa watatu: Stany, mama Bilonda na Darlène, shingo zao zimeinamia simu moja.